Njia ya Miguu Si Njia ya Panya

Wasee, hebu tuambiane ukweli. Ukitaja Busia kwa mtu wa Nairobi, kichwani mwake kunakuja vitu viwili: foleni ya malori na magendo. Ukitaja Malaba, ni yale yale, tena foleni inakuwa ndefu zaidi. Kinachoniuma si maoni ya mtu wa Nairobi. Kinachoniuma ni kwamba sisi wenyewe tumeyameza. Hapa kwetu njia yoyote isiyo na lami ina jina moja tu, njia ya panya. Mama amebeba ndoo anashuka mtoni, njia ya panya. Mtoto anakatiza shambani kwenda shule, njia ya panya. Mvuvi anapandisha omena kutoka bichi, pia njia ya panya. Yaani kutembea kwa miguu kwenye ardhi yako ya kuzaliwa kumekuwa kitu cha kushukiwa.

Mimi nakataa. Msimamo wangu ni huu, na mnaweza kunirushia mawe kwenye komenti: vilima vya Samia na ufuo wa ziwa kuanzia Sio Port hadi Port Victoria vinastahili njia za miguu zenye alama, zenye majina, zilizo kwenye ramani na zinazolindwa na sheria. Na tukichelewa, tutaweka alama kwenye nini? Njia zenyewe zitakuwa zimeliwa.

Kwa wale hawajawahi kutoka steji ya mjini: ukifika Mundika kuna barabara inachepuka kuelekea Nangina na Funyula. Ukiifuata, ardhi inaanza kuinuka. Hivyo ndivyo vilima vya Samia. Panda juu asubuhi kabla jua halijakuwa kali, utaona Ziwa Victoria limelala chini, mafunjo ya mto Sio, na Uganda ng'ambo. Kila nikiposti video ya huko watu wananiuliza, "Hii ni Rwanda?" Hapana bwana. Hii ni Funyula. Ni mwendo wa boda na matatu kutoka kwenu.

Na mnajua hao wanaouliza kuhusu Rwanda wana sababu? Rwanda wana njia inaitwa Congo Nile Trail, kilomita 227 kandokando ya Ziwa Kivu, kutoka Rubavu kaskazini hadi Rusizi kusini. Inapanda mgongo wa kilima, inashuka ufuoni, inapita vijijini na katikati ya mashamba ya chai na kahawa. Watu wanatoka mbali kuja kuitembea. Sasa niambie Rwanda wana nini ambacho sisi hatuna? Ziwa tunalo, tena kubwa kuliko yote Afrika. Vilima tunavyo. Vijiji vyenye watu wa kukukaribisha chai tunavyo. Wao walikaa chini, wakaamua njia inapita wapi, wakaipa jina. Ni hilo tu.

Najua mtu tayari anaandika, "Haya mambo ya haiki ni ya wazungu na watoto wa Lavington." Ngoja kidogo, kaka. Abasamia walikuwa wafua chuma, na majembe yao yalijulikana mbali na vilima hivi, huku Kenya na ng'ambo ya Uganda. Unadhani yalisafirishwa na lori? Yalibebwa mabegani, kwa miguu, kwenye njia zilezile tunazoziita za panya leo. Busia yenyewe iliingia kwenye ramani za wakoloni kama mwisho wa safari ndefu. Ile barabara ya mikokoteni ya ng'ombe iliyojengwa miaka ya 1890 chini ya Kapteni Sclater ilikuwa inaelekea Busia. Na Port Victoria ilikusudiwa kuwa mwisho wa reli! Waliopima njia mwaka 1892 walilenga huko, kabla mpango haujabadilishwa na reli ikafika ziwani kule Kisumu mwaka 1901. Kwa hivyo usiniambie kutembea hapa ni kitu cha kuiga. Ni kitu tulichosahau.

Na upande wa Malaba msijifiche. Kule Teso Kaskazini kuna Kakapel, mwamba wenye michoro ya kale. Mwaka 2024 watafiti walichapisha matokeo ya uchimbaji wa pale: mbegu ya kunde ya miaka kama 2,300 iliyopita, ushahidi wa zamani zaidi wa zao lililolimwa uliowahi kupatikana Afrika Mashariki. Kunde! Hiyo hiyo mboga unayoikunjia uso ukiikuta kwenye sahani. Sasa uliza vijana kumi wa Malaba wangapi wamewahi kupanda hadi pale. Halafu uliza wangapi wameposti picha ya foleni ya malori wiki hii.

Sasa tuje kwa kitu cha maana zaidi, kwa sababu hii si stori ya picha nzuri. Hii ni stori ya nani ana ruhusa ya kupita wapi.

Ardhi yetu inagawanywa kila siku. Baba ana ekari nne, watoto watano, kila mmoja anapata kipande chake. Anayenunua kutoka mbali anakuja na nguzo na nyaya. Hakuna uovu hapo, kila mtu analinda chake. Lakini kila ua mpya unakata njia, na njia ikikatwa hakuna mtu anayelia, kwa sababu haikuwa na jina, haikuwa na kibao, haikuwa kwenye ramani ya mtu yeyote. Mwaka jana mimi na wenzangu watatu tulitaka kushuka kwa njia ambayo kukhu wangu alikuwa akipitia kwenda kuuza vyungu sokoni. Tulikuta nyaya, na jamaa aliyetuuliza kwa ukali tunatafuta nini. Tulimjibu kwa adabu, tukazunguka barabarani. Kwetu sisi ilikuwa matembezi ya Jumamosi. Lakini kuna mama anazunguka hivyo kila siku na lita ishirini za maji kichwani. Kuna mtoto anayelazimika kutembea ukingoni mwa lami, boda na malori zikimpita sentimita chache kutoka begani, kwa sababu njia ya ndani imefungwa.

Ufuoni ni vivyo hivyo. Ziwa ni la umma. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inahesabu maziwa na mito kuwa ardhi ya umma. Sawa kabisa. Lakini ziwa la umma ambalo hulifikii bila kupita kwenye geti la mtu ni la umma kwa nani? Leo bado unaweza kutembea kutoka bichi moja hadi nyingine ukiongea na wavuvi. Usidhani itakuwa hivyo daima. Sisi tukisikia neno utalii, akili inakimbilia hoteli yenye ukuta na askari mlangoni. Mimi nasema utalii uanze na njia. Njia hainyimi mwenyeji. Hoteli inaweza kumnyima.

Mtasema, "Lakini shamba ni la mtu, utapitisha vipi watalii?" Swali zuri, na jibu lake lipo. Twende mbali kidogo, Ayalandi. Kwenye kaunti ya Cork kuna rasi nyembamba inaitwa Sheep's Head, imeingia baharini kama kidole. Ni mashambani kabisa, hakuna mji mkubwa. Mwaka 1996 walizindua njia ya kutembea inayozunguka rasi nzima, ikipita juu ya mgongo wa kilima na kando ya bahari. Kila umbali fulani kuna nguzo yenye mtu mdogo wa rangi ya manjano anayetembea, na mshale. Huwezi kupotea. Na sikilizeni hapa: kule pia ardhi ni ya wakulima binafsi, na hakuna sheria inayokuruhusu kukatiza shamba la mtu unavyotaka. Njia ipo kwa sababu wenye mashamba walikubali. Kuanzia 2008 serikali ikaanzisha mpango wa kuwalipa wakulima wanaotunza njia zinazopita kwao: kufyeka vichaka, kurekebisha vivukio vya ua, kuhakikisha alama zinaonekana. Mkulima haoni mgeni kama mwizi wa nyasi. Anaona sababu ya kufyeka.

Na kwetu sheria haijalala. Soma Sheria ya Ardhi ya 2012, kuanzia kifungu cha 143. Inatambua haki ya njia kwa manufaa ya umma. Kifungu cha 145 kinasema serikali ya kaunti, chama, au kundi lolote la watu linaweza kupeleka ombi la njia ya jamii kwa Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Kundi lolote la watu! Hawakuandika mheshimiwa, hawakuandika mwekezaji. Kundi lenu la WhatsApp lenye watu mia mbili wanaotumiana memu linaweza kuwa hilo kundi. Na sheria hiyo hiyo inazungumzia fidia kwa mwenye ardhi, kwa hivyo hatuzungumzii kumpora mtu.

Kuna wale wa usalama. "Njia zikiwekwa alama karibu na mpaka, si tutawarahisishia wa magendo?" Fikiria tena. Magendo yanapenda kichaka, giza na kimya. Njia yenye alama, yenye watu wanaopita mchana, yenye kijana wa kijiji anayeongoza wageni na mama anayeuza maandazi kwenye kona, hiyo ndiyo njia mbaya zaidi kwa magendo. Na hakuna aliyesema ivuke mpaka. Ibaki upande huu, ifuate mgongo wa kilima, ishuke ziwani.

Kuna wale wa "kwanza hospitali, kwanza barabara". Nawaheshimu, lakini mnazungumza kana kwamba watu wetu wanaenda hospitali kwa ndege. Wanaenda kwa miguu mpaka wapate boda. Njia ya miguu ndiyo barabara ya kwanza ya watu wengi hapa, na ndiyo ya bei rahisi kuliko zote. Huhitaji katapila. Unahitaji rangi, panga, nguzo, daraja dogo la mbao hapa na pale, na makubaliano. Sisemi itamaliza umaskini. Atakayekuahidi hivyo anatafuta kura. Nasema mgeni njoo, mwenyeji apone: mtu akitembea siku mbili atakula, atalala, atahitaji mwongozaji, na hizo pesa zitabaki Funyula badala ya kupita Busia mjini zikiwa ndani ya lori.

Na kwa wasee wa jijini mnaonifuata, nyinyi ndio mnanipa matumaini na hasira kwa pamoja. Mnalipa kuingia Karura, mnapiga picha kwenye vijia ambavyo makutano yake yamepewa namba, mnaona ni kawaida. Si kawaida. Msitu ule ulikuwa unamegwa miaka ya mwisho ya tisini. Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa na watu waliokodiwa, kwa sababu tu walitaka kupanda mti pale. Vijia unavyokimbilia na viatu vyako vipya vililipiwa kwa damu, kisha vikatunzwa na watu waliojitolea wikendi baada ya wikendi. Njia ya umma haikuwa zawadi ya mtu pale, na huku pia haitakuwa.

Sasa tufanye nini? Kabla ya rangi, majina. Jumamosi hii tembea njia moja unayoijua, washa simu irekodi ulipopita, na muulize mzee au kukhu yeyote unayemkuta: hii njia inaitwaje, inaenda wapi, nani alikuwa anaipita? Andika jina kwa lugha yake, Kisamia, Kinyala, Kiteso, chochote. Liweke kwenye OpenStreetMap, ambako mtu yeyote anaruhusiwa kuongeza njia. Baada ya hapo nendeni kwa chifu muombe baraza, na mkae na wenye mashamba mmoja mmoja. Msiende na kamera kwanza, nendeni na adabu. Mwenye shamba akisema hapana, uliza anaogopa nini: ng'ombe kuibwa? Mahindi kukanyagwa? Takataka? Yote yana jibu, lakini huwezi kulipata ukiwa kwenye komenti. Na mkumbuke ziwa linapanda. Mwaka 2020 maji yalimeza makazi ya watu kule Budalang'i, kwa hivyo njia ya ufuoni ipangwe na wavuvi wanaojua maji yanafika wapi. Mkishakuwa na ramani, majina na sahihi, pelekeni ombi. Wakikaa nalo, tutapiga kelele, na kelele ndiyo kazi yangu.

Lakini tuanze na ulimi. Kuanzia leo, ukimsikia mtu anaita njia ya kukhu wako njia ya panya, mrekebishe hapo hapo. Panya hakufyeka ile njia. Miguu ya watu wetu ndiyo iliyoifyeka. Andika hapa chini jina la njia ya kwenu. Ukikosa kulijua, kuna mtu nyumbani anayelijua, na hatakuwepo milele.