Ulipigana Wapi?

Askari mstaafu akifika hospitali mjini Lodwar, Turkana, akilalamika viungo, kichwa, usingizi uliomkimbia na uchovu usioisha, atapimwa malaria, kisha brusela. Ni haki yake: hii ni nchi ya mifugo na maziwa mabichi, na magonjwa hayo huleta dalili zizo hizo. Kazi ngumu inaanza vipimo vikirudi safi. Anapewa dawa ya maumivu, anaambiwa apumzike, na hakuna aliyemuuliza kama aliwahi kuwa Somalia, ambako jeshi letu la Kenya liliingia Oktoba 2011.

Marekani ililipia kosa hili. Kati ya wanajeshi karibu 700,000 waliopelekwa Vita vya Ghuba mwaka 1990 na 1991, angalau robo waliugua maumivu, uchovu na usahaulifu. Wengi waliambiwa ni mawazo tu. Mwaka 2008 jopo lililoundwa kwa agizo la Bunge lao lilikiri kwamba ugonjwa upo, likataja dawa za kuua wadudu na vidonge vya kinga dhidi ya gesi ya sumu. Sidai kwamba askari wetu walimeza vidonge hivyo. Lakini bila kumbukumbu ya mahali alipotumwa mtu na alichokutana nacho huko, hata sumu isingejulikana.

Upande wa akili, jibu moja limetoka hapa hapa Turkana. Mwaka 2021 watafiti Matthew Zefferman na Sarah Mathew walichapisha matokeo ya mahojiano na wapiganaji 218 wa Kiturkana, watu wa uvamizi na ulinzi wa mifugo. Asilimia 28 walikuwa na dalili za kiwewe cha vita. Kushtuka na kukumbuka ghafla kulikaribiana na kule kwa wanajeshi wa Marekani waliokuwa wakitafuta tiba. Dalili za unyong'onyevu zilikuwa hafifu zaidi. Watafiti wanadhani ni kwa sababu jamii inajua alichofanya mpiganaji na inasimama naye. (Tusiufanye wizi wa ng'ombe kuwa dawa, hao 28 kwa mia bado wanaumwa.) Aliyetoka Somalia hurudi kwa majirani wasioijua vita yake.

Katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kama kilomita 120 kutoka Lodwar, swali lenyewe linatisha. Kambi ilifunguliwa 1992 kupokea vijana wa Sudan, baadhi yao wakiwa wameshabeba bunduki. Hifadhi ya ukimbizi ni ya raia, hivyo aliyepigana anahofia faili lake. Atasema mgongo unauma, na mganga atatibu mgongo.

Sheria ya wanajeshi wastaafu tunayo tangu 2022, lakini hospitali ya jeshi ya Forces Memorial iko Nairobi. Mimi ningeanza na mstari mmoja kwenye kadi ya mgonjwa Lodwar: ulitumwa wapi, mwaka gani. Kakuma mstari huo ukae kwa tabibu peke yake, usivuke kamwe kwenda meza ya wanaoamua nani ni mkimbizi.