Jua la Kutulo liingie kwenye hesabu ya mvua

Na Halima Abdi Noor

Kutoka kituo cha hali ya hewa cha Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, hadi kile cha Mandera ni zaidi ya kilomita 300 za barabara, na mji wa Kutulo umekaa hapo katikati. Mvua inayonyesha Kutulo mara nyingi haiandikwi Wajir wala Mandera. Kila mfugaji wa huku anajua sababu. Mvua yetu hunyesha kwa mabaka. Wingu lenye upana wa kilomita chache linamwaga maji alasiri nzima upande huu wa laga, mto wa msimu, na upande wa pili mbuzi wanalamba vumbi. Ndiyo maana wazee hutuma vijana wa sahan watangulie kukagua malisho kabla ngamia hawajahamishwa. Hakuna anayehamisha mifugo kwa kusikia tu kwamba "kaunti itapata mvua ya wastani".

Programu za kompyuta zinazotabiri hali ya hewa nazo zina tatizo hilo hilo. Nyingi huigawa dunia katika miraba yenye upana wa kilomita kumi hivi au zaidi, na kila mraba hupewa jibu moja. Wingu la Kutulo linapotea humo ndani. Mwezi Oktoba 2019, watafiti wa Chuo Kikuu cha Delft, Uholanzi, wakishirikiana na TAHMO, shirika la vituo vya hali ya hewa lenye makao yake Nairobi, walianza kazi ya kuhesabu upya mvua ya mwaka mmoja katika Afrika yote iliyo kusini mwa Sahara kwa mraba wa kilomita moja. Hapo hata wingu dogo linaonekana.

Hesabu ya ukubwa huo ilihitaji mitambo ambayo watafiti hao hawakuwa na fedha za kuilipia. Kwa hiyo bara likagawanywa katika vipande zaidi ya 35,000, kila kimoja kilomita 52 kwa 52, na kila kipande kikakatwa tena katika siku mbili mbili za mwaka. Kazi hizo ndogo ndogo zikatumwa kupitia World Community Grid, mtandao ulioanzishwa na IBM mwaka 2004, hadi kwenye kompyuta za watu wa kawaida walioko Ujerumani, Marekani, Japani na kwingineko. Ni kazi ya kisima kirefu: hakuna anayeyafikia maji peke yake, lakini wanaume wakijipanga ngazi kwa ngazi na ndoo ikapita mkono kwa mkono, ngamia mia wanakunywa.

Hivyo, mahali fulani duniani, kompyuta ya mtu asiyewahi kuisikia Kutulo ilipewa kipande cha kilomita 52 chenye Kutulo ndani yake, ikahesabu mawingu yetu usiku mwenye nyumba akiwa amelala. Namshukuru mtu huyo. Ila nataka kipande chetu kihesabiwe pia na sisi, na jibu lake litufikie.

Wengi huku hawajawahi kuiona programu inayofanya kazi hiyo. Inaitwa BOINC, na ilitoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kwa David Anderson na wenzake. Kundi hilo lilikuwa limeanza mwaka 1999 na SETI@home, mradi wa kusikiliza mawimbi ya redio kutoka angani kutafuta dalili za viumbe wengine, nao ulisimamisha ugawaji wa kazi Machi 2020. Mimi viumbe wa angani hawanihusu sana. Kilichobaki ni ile njia ya kuchukua nguvu ya kompyuta iliyokaa bure na kuipa kazi ya sayansi.

Kwenye kompyuta ya mezani yenye Ubuntu, Debian au Mint, huhitaji kununua chochote wala kutafuta diski ya kunakili. Unafungua dirisha la amri na kuandika sudo apt install boinc-client boinc-manager. Ukishaandika nenosiri, programu inashuka kutoka kwenye ghala la Linux lenyewe, inaundiwa mtumiaji wake anayeitwa boinc asiyeingia kwenye faili zako, na inaanza kila mashine inapowaka, hata kabla mtu hajaingia. Inafanya kazi kwa kipaumbele cha chini kabisa, kwa hiyo mwanafunzi akifungua kitabu cha mahesabu, BOINC inampisha.

Katika maabara moja ya sekondari kando ya barabara ya Wajir hadi Mandera, niliwatazama wanafunzi wawili wa kidato cha tatu wakiiweka kwenye mashine ya zamani ambayo Windows yake ilikuwa imekufa kwa virusi vya flash. Kazi za kwanza zilikuja na kufa baada ya sekunde chache, moja baada ya nyingine, zikiacha alama nyekundu. Zilikuwa kazi za climateprediction.net, mradi wa Oxford, ambazo kwa miaka mingi ziliandikwa kwa biti 32, na Linux yao ilikuwa ya biti 64 tupu. Msichana mmoja alisoma maneno ya kosa polepole, akatafuta maktaba za biti 32 zilizokosekana, akaziongeza. Kazi iliyofuata ikashika, asilimia ikaanza kupanda kwa desimali. Mwenzake akaandika sensors kwenye dirisha jingine, na wote wawili wakainama kutazama joto la kichakato likipita nyuzi 80. Wakafungua kifuniko, wakapuliza vumbi kwenye feni, wakarudi kwenye mipangilio na kupunguza matumizi ya kichakato hadi nusu. Joto likashuka. Somo lile lote la kompyuta, kuanzia kosa hadi feni, halikugharimu shule hata shilingi ya leseni.

Mradi huo wa Oxford unatuhusu moja kwa moja. Ulianza mwaka 2003, na kazi yake ni kuendesha dunia nyingi za kuigiza. Kila kompyuta inapewa mwaka mmoja wa hali ya hewa, mwanzo wake ukiwa umebadilishwa kidogo sana. Kundi moja la mashine linahesabu dunia jinsi ilivyo, yenye moshi wote wa viwanda na magari. Kundi jingine linahesabu dunia ambayo moshi huo haukuwahi kutoka. Zikishakusanywa maelfu, watafiti wanalinganisha: ukame kama huu hutokea mara ngapi hapa, na mara ngapi kule?

Mvua za Gu, yaani masika, za mwaka 2014 ziliposhindwa kusini mwa Pembe ya Afrika, Toby Marthews, Friederike Otto na wenzao walitumia kompyuta hizo za majumbani kuuliza swali hilo. Jibu lao lilikuwa kwamba mkono wa binadamu haukuonekana kwenye kiasi cha mvua. Ulionekana kwenye joto, na kwenye mionzi inayofika ardhini na kuikausha. Ukame wa 2016 hadi 2017 ulipokuja, ule ambao Rais Uhuru Kenyatta aliutangaza kuwa janga la kitaifa Februari 2017, watafiti walihesabu tena kwa njia kadhaa, hii ikiwa mojawapo, na safari hii Joyce Kimutai wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya alikuwa miongoni mwao. Mvua haikuonyesha mwelekeo ulio wazi. Joto lilikuwa limepanda. Kisha tukapitia misimu mitano mfululizo bila mvua ya kutosha, kutoka mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, mizoga ikapangana kando ya barabara kutoka Modogashe hadi Elwak. Aprili 2023 utafiti ulioongozwa na Kimutai huyo huyo ulisema joto, kwa jinsi linavyokausha maji ardhini na kwenye majani, liliufanya ukame huo uwezekane angalau mara 100 zaidi ya ambavyo ungekuwa.

Ukiishi hapa, unajua maana ya majibu hayo. Mvua ile ile iliyojaza lambo la babu yako na likakaa hadi mwezi wa tatu, leo inajaza lambo lile lile na likakauka mapema. Kuchimba lambo pana lenye kina kifupi, kama ambavyo pesa za miradi zimekuwa zikifanya, ni kuliandalia jua meza. Hilo ni jambo la kujadiliwa katika bajeti ya kaunti, na ushahidi wake ulihesabiwa kwa sehemu na mashine za watu waliojitolea.

Na si ukame tu. Baada ya mafuriko ya El Niño ya mwishoni mwa 1997, homa ya Bonde la Ufa ililipuka Garissa, na mapema mwaka uliofuata malaria ikaua watu wengi Wajir, mahali ambapo miili haikuwa na kinga kwa kuwa mbu hukosa maji miaka mingi. Baadaye Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Uswisi, kupitia mpango wa Africa@home uliolelewa CERN, Geneva, ilianza kutumia kompyuta za kujitolea kuigiza jinsi malaria inavyosambaa na jinsi vyandarua au chanjo zingeipunguza. Wanafunzi wa vyuo vya Afrika walishiriki kuutayarisha. Mradi wenyewe, MalariaControl, ulifungwa mwaka 2016.

Kuna atakayeniambia kwamba mji unaosubiri boza la maji hauna nafasi ya kuwahesabia watafiti wa Uholanzi. Hoja hiyo naiheshimu, na sehemu yake moja ni kweli kabisa: nguvu ya kompyuta si bure. Mashine ya mezani ya zamani hula wati 40 au 60 ikikaa tu, na ikipewa hesabu nzito hupita 100. Wajir na Mandera haziko kwenye gridi ya taifa. Stima ya miji yao inatoka kwenye jenereta za dizeli zikisaidiwa na sola. Kuacha kompyuta ihesabu usiku kucha kwa dizeli ili tujue dunia inapata joto kiasi gani ni kosa, na yeyote anayezishauri shule zetu zifanye hivyo anazipotosha. Anayeishi Toronto ana stima ya nyuklia na ya mito. Sisi hatuna.

Tulicho nacho ni saa za mchana. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, shule yenye sola betri zake zikishajaa, umeme unaobaki juu ya paa hauna kazi. Hauwezi kuwekwa hadi kesho wala kuuzwa. Mipangilio ya BOINC ina sehemu ya kuandika saa za kufanya kazi, na ukiandika saa hizo, BOINC itaanza na kusimamisha hesabu kwa saa hizo. Kuna pia sehemu ya kuizuia mtu anapotumia kompyuta, na ya kuweka kikomo cha data kwa siku, jambo la lazima kwa anayenunua bando. Stima ikikatika katikati, kazi nyingi huendelea kutoka mahali pa mwisho zilipojihifadhi. Mlingoti wa simu ukilipuliwa, kama ilivyotokea mara nyingi katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, mashine itaendelea kuhesabu kazi iliyo nayo na kungoja mtandao urudi, mradi tarehe ya mwisho ya kazi haijapita.

Sijidanganyi kwamba kompyuta kumi za Kutulo zitabadilisha kasi ya hesabu ya bara zima. Folding@home, mwaka 2020 wakati wa corona, ilikusanya mashine nyingi hadi ikapita nguvu ya kompyuta kubwa kuliko zote duniani wakati huo. Kumi zetu ni tone. Faida yetu iko kwingine. Mtoto aliyeona kwa macho yake jinsi nambari za tabianchi zinavyotengenezwa hatadanganywa kwa urahisi na afisa wala na mwanasiasa. Na wafugaji wa Wajir hawaziogopi hesabu za mbali: mwaka 2014 baadhi yao walilipwa bima ya mifugo kwa kupima ukijani wa malisho kutoka kwenye satelaiti, bila mtu kuja kuhesabu mizoga.

Barabara ya Isiolo hadi Mandera, karibu kilomita 740, inajengwa pamoja na kebo ya faiba kando yake, na inapita Kutulo. Idara za teknolojia za kaunti za Garissa, Wajir na Mandera zianze sasa kuorodhesha shule zitakazounganishwa, na katika kila orodha ziandike mambo mawili pembeni ya jina la shule: kama ina sola, na kama ina uwanja ulio wazi wa kuweka kituo kidogo cha mvua. TAHMO huweka vituo vyake kwenye shule, na lengo lao ni vituo 20,000 barani. Hesabu ya kilomita moja bila kipimo cha mvua iliyoanguka chini haiwezi kukaguliwa, na kati ya Wajir na Mandera ndipo kipimo hicho kinapohitajika zaidi.

Watafiti nao wana deni. Kipande cha kilomita 52 chenye Kutulo, na vile vya Tarbaj, Elwak, Dadaab na Hulugho, vifike kwa wakurugenzi wa hali ya hewa wa kaunti vikiwa ramani, kwa Kiswahili na Kisomali. Wakurugenzi hao hukutana na wafugaji na wazee watabiri kabla ya kila msimu katika vikao vya kupanga msimu, ambavyo Garissa ilikuwa ya kwanza kuvijaribu mwanzoni mwa miaka ya 2010 chini ya mradi wa CARE. Ramani hizo ziwekwe mezani kwenye kikao cha kabla ya Deyr, mvua za vuli, na wazee waulizwe ni wapi zimekosea.