Wamisionari Wazee Waachwe Watembee, Ila Wasitembee Peke Yao

Mzee wa miaka sabini na mkewe wanapopanda kuta za Fort Jesus, beji nyeusi vifuani, wakapiga picha za bahari, wapo watakaonung'unika. Hawa walikuja kumtumikia Mungu au kutalii? Swali hilo huulizwa barazani, na hata ndani ya makanisa yaliyowapokea. Jibu lake ni jepesi: walikuja kutumika, na siku hiyo ya matembezi imo ndani ya utumishi wao.

Watu wengi wa Nairobi au Kinshasa wanawafahamu vijana wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale wa mashati meupe na tai wanaotembea wawili wawili. Wazee wao hawajulikani sana. Ni wanandoa ambao watoto wao wamekua, wengi wao wastaafu, wanaotumwa ng'ambo kwa muda wa miezi 6 hadi 23. Kazi yao kuu si kubisha hodi mlango kwa mlango. Huendesha ofisi za misheni, husaidia masomo, husimamia misaada ya visima na vifaa vya hospitali, hutumika mahekaluni. Hekalu la Kinshasa liliwekwa wakfu Aprili 2019, la Nairobi Mei 2025, na nyumba za namna hiyo haziendeshwi bila watu wa kujitolea. Gharama zao kwa sehemu kubwa hutoka kwenye akiba na pensheni zao wenyewe, kwa hiyo anayedhani kwamba sadaka ya mjane ndiyo inayowapeleka Naivasha kuangalia viboko hajawatendea haki.

Wameacha wajukuu, wameacha daktari anayewajua tangu ujana, wameacha nyumba waliyoizoea. Mwili wa umri huo hauchukui joto na foleni kama wa kijana wa miaka ishirini. Kumnyima mtu kama huyo siku mbili za kupumzika ni ukatili, hata kama wanaomnyima wanaamini kwamba wanatetea ibada. Injili ya Marko yenyewe, sura ya sita, inasimulia jinsi Yesu alivyowaona wanafunzi wake wamechoka, hata nafasi ya kula hawana, akawaita wajitenge wapumzike.

Pwani ya Kenya inajua bei ya kutopumzika. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huo huo akamzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Mwenzake Johannes Rebmann alikuja 1846, wakafungua kituo cha Rabai. Krapf aliondoka 1853, afya imemshinda. Rebmann akabaki. Alikaa karibu miaka 29, mkewe Emma akafia huku, na mwenyewe alipoondoka mwaka 1875 macho yalikuwa yamekwisha. Alifariki Ujerumani mwaka uliofuata. Uaminifu wake unastahili heshima kubwa, lakini hakuna kanisa lenye huruma linalopaswa kuufanya kuwa kipimo cha kila mtumishi.

Wengine walijifunza mapema. Wamisionari wa Kimarekani wa Madurai, kusini mwa India, walikuwa wakiangushwa na homa za bondeni, na mwaka 1845 wakajenga nyumba za kwanza za mapumziko huko Kodaikanal, mlimani, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Japani nako, kasisi Alexander Croft Shaw aliupenda ubaridi wa Karuizawa mwaka 1886, na mji ule mdogo ukageuka kuwa mahali pa wageni kukimbilia kiangazi. Mapumziko hayo yaliokoa maisha. Kasoro yake ilikuwa moja, nayo haikuwa ndogo: wageni walipumzika na wageni wenzao, huku wenyeji waliofanya nao kazi wakibaki bondeni.

Kasoro hiyo ndiyo ya kuogopwa leo, kuliko picha na bustani za wanyama. Matembezi yenye manufaa ni yale yanayomkaribisha mgeni kwa watu anaowatumikia. Rebmann alipoiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, hakufika huko kwa akili zake peke yake. Aliongozwa na Bwana Kheri, kiongozi wa misafara aliyeijua njia ya Uchagani. Huko London, mwanajiografia William Desborough Cooley aliikataa katakata habari ya theluji karibu na ikweta. Bwana Kheri hakuwa na haja ya kubishana naye. Mlima alikwisha kuuona.

Misheni inayopanga ziara Pwani ingeanzia Rabai. Makumbusho yapo pale, na karibu yake zipo kaya za Warabai, sehemu ya misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Mzee akisikiliza mwenyeji akieleza kwa nini mti fulani haukatwi, atarudi kazini akiwa na maswali bora kuliko aliyokuja nayo.

Na wapelekwe pamoja na wenzao wa hapa. Makanisa yetu yote, ya Kikatoliki, ya Kilutheri, ya Kipentekoste, yana makatekista na wainjilisti waliozeeka wakizunguka vijiji kwa baiskeli, bila likizo, na wengi wao hawajawahi kuiona hata mbuga iliyo wilaya ya jirani. Wake zao wamechoka zaidi. Matatu ya abiria 14 inayobeba wazee sita kwenda Naivasha ina viti vya kuwatosha wenzao hao, na gharama ya chakula na malazi yao iandikwe kwenye bajeti ya mafungo tangu mwanzo, kabla gari halijakodiwa.