Mbabula tunawashia inje. Na sigara?

Raia wenzetu wa Lubumbashi,

Kutoka Katuba mpaka Ruashi, kila mama anajua: mbabula inawashiwa inje, juu moshi isisumbue watoto. Lakini mukubwa akiwasha sigara mu nyumba, wote tunanyamaza. Tunasema ni heshima.

Kongo ilikubali mapatano ya OMS juu ya tumbako tangu 2005. Kifungu cha 8 kinakinga raia kazini, mu magari ya usafiri na mahali pa watu wote. Mu nyumba zetu hakifiki. Kanuni ya kule tuiweke sisi wenyewe.

Kufungua dirisha haitoshi. Moshi ya sigara iko na sumu zinazoleta kansere; kwa mutoto inaleta pumu na nimonia. Kila mwaka mu dunia, watu zaidi ya milioni 1 wanakufa juu ya moshi ya sigara ya wengine.

Hatufukuzi mutu. Tuweke kiti inje, chini ya muti ya maembe. Baba, mujomba, mugeni: kanuni ni moja. Na wazazi ndio waitangaze, juu mutoto hawezi kumuambia mukubwa: "Zima."