Mbayuwayu Hawaendi, Wanakuja

Katika miaka yangu ya mwanzo kazini, nikiwa kijana niliyetoka chuo cha ualimu na kujiona najua mengi, nilifundisha kifungu cha ufahamu cha Kiingereza kilichohusu mbayuwayu. Kilieleza jinsi ndege hao wanavyojipanga juu ya nyaya mwezi wa Septemba, majani yakipukutika, wakaagana na kijiji na kuelekea kusini. Mwanafunzi mmoja aliyeketi karibu na dirisha aliinua mkono. "Mwalimu, ndio wale?" Nje, juu ya uwanja wa mpira, ndege wadogo wenye mikia ya panda walikuwa wakipita chini chini, wakigeuka ghafla na kurudi. Nilimjibu bila hata kugeuza shingo: "Hapana. Hao wa kitabuni ni wa Ulaya." Kisha nikaendelea na swali la tatu.

Ilikuwa Novemba. Walikuwa ndio wale.

Sasa nimestaafu, naishi Mwanza, na kila vuli huenda ufukweni asubuhi nikiwa na darubini shingoni. Mara ya kwanza nilipomwambia mjukuu wangu kwamba tunakwenda kutazama ndege, alivaa viatu vyake vya sikukuu akidhani tunakwenda uwanja wa ndege. Sikumlaumu. Neno hili moja tumelibebesha kiumbe mwenye mbawa, chombo cha abiria, na hata bahati, kwani wazee husema fulani amekutana na ndege mbaya njiani. Limechoka.

Mbayuwayu wa safari hufika kwetu kuanzia Septemba, wakitoka Ulaya na Asia, na huondoka Machi au Aprili. Uzito wa mmoja ni kama gramu 20 tu. Ziwani kwetu tunao pia mbayuwayu wakaazi wanaofanana nao sana, na mwanzoni nilikuwa nikiwachanganya. Wa hapa, wekundu wa koo umeshuka hadi kifuani. Msafiri ana utepe mweusi uliokata wekundu huo chini ya koo. Siku ambayo vijidudu vya ziwani vimeinuka kama moshi juu ya maji, utawaona wote pamoja wakila, na hapo ndipo tofauti hujifunzwa, kwa subira na kwa shingo kuuma.

Hoja yangu, ndugu wasomaji, ni hii: tumeazima hata upande wa kusimama. Tunasema ndege hawa "wanakimbia baridi", "wanaondoka", "wanakwenda kusini". Anayesema hivyo amesimama Ulaya. Mtu aliyesimama Mwanza, Naivasha au Kisumu haoni ndege akiondoka; anamwona akifika, tena pamoja na mvua. Wafasiri wetu wengi hulitumia neno vuli kutaja majira ya Ulaya ya majani kupukutika. Kwa mkulima wa huku, vuli ni mvua, ni jembe, ni kumbikumbi. Ndege yule yule anaunganisha maana mbili za neno hilo kwa mbawa zake, na sikumbuki kuona shairi lililoligusa jambo hilo.

Hata jina tunalowapa wasafiri hawa linanikera kidogo. "Wahamiaji" ni neno ambalo magazeti yamelifunga pingu. Halitajwi ila "haramu" liko nyuma yake. Mtu akihamia mahali, amehama na virago vyake. Korongo mweupe hakai Ulaya zaidi ya miezi mitano hivi kwa mwaka. Miezi mingine yote yuko Afrika, au yuko njiani akizunguka Bahari ya Kati kupitia Uturuki, Sinai na bonde la Mto Nile, kwa sababu bahari haimpi hewa ya moto ya kumwinua. Basi kwao ni wapi? Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Korongo huyu huja na jembe lake: hushuka mashambani kwa makundi na kula panzi na viwavijeshi.

Zamani wasomi wa Ulaya waliamini kwamba mbayuwayu hujificha matopeni, chini ya maji, wakati wa baridi. Mwaka 1822, karibu na mji wa Klütz huko Ujerumani, alipatikana korongo aliyechomwa mkuki shingoni, mkuki wa mti wa Afrika, naye alikuwa ameruka nao hadi kwao. Mpaka leo amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock. Mtu aliyewasaidia wasomi wale kulijibu swali lao alikuwa mwindaji wetu aliyekosa kitoweo. Jina lake halikuandikwa popote.

Najua nitaambiwa kwamba mshairi si bwana nyamapori. Njiwa wake ni barua, tausi wake ni mpenzi, bundi wake ni msiba, na hahitaji darubini. Nimewafundisha wanafunzi taswira hizo kwa miongo mitatu, nami nazipenda. Lakini hazikuzaliwa zikiwa taswira. Mtu fulani alimtazama njiwa akirudi tunduni, akamtazama tena, ndipo akamtuma. Sisi tunawatuma njiwa wa watu wengine. Mshairi chipukizi anayeandika "ndege" katika kila ubeti, bila kujua ni ndege gani, hana siri ya kutupa.

Wala asitokee wa kusema majina haya hayaimbiki. Mbayuwayu ni mizani nne kamili. "Mbayuwayu wa ziwani" ni nane, kipande kizima kimejileta chenyewe. Kina chake ndicho kigumu, maana maneno yanayoishia na "-yu" si mengi, kwa hiyo mweke mwanzo wa kipande na kina ukitafute kwingine. Kitwitwi anayekimbia pembezoni mwa maji ni mizani tatu. Keremkerem ni sita, na anaita kwa jina lake. Wapwani wanaye sululu, ndege wa mdomo mrefu uliopinda anayechokoa matope maji yakitoka. Sisi wa bara tunalijua jina hilo kwa kifaa cha kuchimbia. Ukiwaweka wawili hao pamoja, utaona kwamba kuna mtu aliyewahi kutazama.

Ninachohofia ni kwamba watazamaji hao wanakwisha. Nimefungua kamusi mara nyingi nikitafuta jina nililolisikia kwa mvuvi, nikakuta "aina ya ndege", nukta. Mvuvi akifa, maelezo hayo hayatamrudisha ndege wake. Na mafunjo ya ufukweni, wanakolala mbayuwayu jioni, yanakatwa kila mwaka kupisha mashamba na nyumba.

Wenzangu wa Lamu, Pemba, Kilwa na Bagamoyo, naomba mniandikie. Waulizeni wazee wenu wanamwitaje ndege fulani anayefika maji yakiwa madogo mwezi wa Oktoba, ana miguu ya namna gani, hulia vipi, na huondoka upepo gani ukivuma. Mimi nitawaletea majina ya ziwani. Jumanne niliwahesabu mbayuwayu 43 juu ya waya mmoja, na mjukuu wangu anasisitiza walikuwa 44.