Maji ni ya Mungu, Bomba ni la Nani?

Liko neno limeshika midomo ya watu wengi katika mwambao wetu, tangu Mikindani na Mtwara mpaka Msimbati karibu na mlango wa Ruvuma: "Maji ni ya Mungu, ya nini kuyalipia?" Sura yake ni ya uchamungu, lakini wako waliolifanya pazia la kufichia wizi.

Kweli, Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kuwa watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Lakini ushirika huo ni wa maji yalipo, mtoni na ziwani. Ama maji yaliyovutwa kwa pampu, yakatiwa dawa, yakapitishwa katika mabomba mpaka uani kwako, hayo yameingiwa na gharama za umeme, vyuma na jasho la mafundi. Kisima cha Ruma huko Madina kilikuwa na mwenyewe, akiuza maji yake. Sayyidna Uthman (r.a.) alikinunua kwa mali yake, akakitoa kwa ajili ya watu wote. Hakukivamia usiku.

Na sisi tumekwisha kuonja maji ya bure. Baada ya uhuru serikali iliubeba mzigo wa maji ya vijijini, na mwaka 1971 ikaahidi kwamba itimiapo 1991 kila mwanakijiji atapata maji yasiyozidi mita 400 kutoka kwake. Mwaka ukafika, na mitambo mingi imesimama kwa kukosa mafuta na vipuri. Sera ya mwaka huo huo wa 1991 ikataka watumiaji wachangie. Bure ilikuwa na bei yake, nayo ni bomba kavu.

Ripoti za EWURA, msimamizi wa bei za maji, za miaka ya karibuni zaonyesha kuwa zaidi ya thuluthi moja ya maji ya mamlaka zetu nchini hayaleti mapato. Mengine huvuja, mengine huibwa, mengine hupita katika dira mbovu. Hasara hiyo nani huilipa? Ni yule mwaminifu, kila bei ipandapo.

Tena mtazameni mjane asiye na bomba. Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Tuseme jirani humwuzia ndoo kwa Sh. 50. Mjane huyo ametoa Sh. 2,500 kwa uniti moja! Na huyo jirani huenda hakulipa hata senti, kwani bomba lake limekwepa dira. Kisha kwa maji hayo hayo hutawadha, akaenda kusimama mbele ya Mola wake. Je, haoni haya?

Wala wenye ofisi wasifurahi kusoma haya. Dira ni mizani. Anayeandika ankara kwa kukisia, bila ya kwenda kuisoma dira, na anayemtoza mtu kwa upepo uliopita bombani, wote wawili wajue kuwa Qur'ani imewaahidi maangamizo wapunjao vipimo, na kwamba watu wa Madyan waliangamia walipokataa kuonywa juu ya jambo hilo. Bomba likivuja barabarani wiki nzima, naye ameshapewa habari, asije akamwambia mjane kuwa gharama zimepanda.

Basi tufanyeje, ndugu zangu? Tulipe tunachodaiwa kwa haki. Tumwonye jirani aliyeiba kabla ya kumsengenya. Aliye na uwezo amvutie maji asiye nacho, kwani sadaka ya maji ni katika sadaka bora. Na bei mpya inapoombwa, EWURA huitisha mkutano wa taftishi kuwasikiliza wananchi. Twende, badala ya kunung'unika barazani, tukaulize swali moja: maji mliyoyapoteza mwaka jana ni kiasi gani, na mbona mwataka tuyalipe sisi?

Mwenyezi Mungu atujaalie kutimiza vipimo, tupimapo na tupimiwapo. Amin.