Picha Haizuii Ukuta Kuanguka

Ni jambo la kawaida siku hizi kuona gari za wageni zimesimama kando ya magofu yetu. Wageni huteremka, huzipiga picha nguzo za Maruhubi, hupanda gari na kwenda zao. Hatuwalaumu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini hatuna budi kujiuliza: picha ikishapigwa, gofu linabaki na nini, na mwenyeji amepona kwa lipi?

Wapo miongoni mwetu wasemao kuwa kasri za masultani si urithi wa wananchi, na zikianguka na zianguke. Fikira hiyo ni potofu. Kasri ya Maruhubi ilijengwa katika enzi ya Sultan Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, na iliungua 1899. Aliyeamuru alikuwa mmoja. Waliovunja mawe, waliochoma chokaa na waliobeba boriti walikuwa wengi, tena katika zama za utumwa. Kuta zile ni ushahidi wa jasho lao. Tukiziacha zitoweke, atakayesahauliwa si sultani, kwani jina lake limo vitabuni. Atakayesahauliwa ni yule aliyebeba mawe.

Isitoshe, historia yetu haikuanzia kwenye kasri hizo. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Pemba nako kuna magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo ya Ras Mkumbuu, na ngome ya Pujini inayonasibishwa na Mkama Ndume. Magofu haya yako mbali na njia wazipitazo wageni walio wengi, lakini thamani yake si ndogo.

Onyo tumekwisha kulipata. Beit al-Ajaib, iliyojengwa 1883, ni miongoni mwa majengo yaliyopigwa picha nyingi mno hapa kwetu. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka na roho za watu zikapotea. Picha zote zile hazikuzuia hata jiwe moja lisianguke. Wahenga walikwisha kunena: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa wahusika Serikalini. Kila gofu liwe na mlinzi, njia iliyofyekwa, na kibao chenye historia sahihi kwa Kiswahili. Sehemu ya kiingilio irudi katika shehia husika, ili mwanakijiji aone kwa macho yake faida ya kulinda. Wanafunzi wetu nao wapelekwe huko, kwani ni aibu mgeni kulijua gofu ambalo mtoto wa kijiji jirani hajapata kuliona.

Madereva na watembezaji wa wageni wawafahamishe mapema kwamba ukuta mkongwe haupandwi kwa ajili ya picha, na kwamba msikiti wa Kizimkazi ni nyumba ya ibada: huombwa ruhusa, huvuliwa viatu, na mavazi huwa ya heshima.

Nasi wananchi, tusichukue mawe ya magofu kujengea nyumba zetu. Jiwe likishang'olewa halina wa kulirudisha, na picha nzuri ya ukuta uliokwisha kuanguka haitamfaa mjukuu wetu atakapouliza ulisimama wapi.